Pengo si Mwanya

Washairi wetu wameusifu mwanya tangu na tangu. Mwanya mtu huzaliwa nao, na mwenye nao hahitaji kubembelezwa acheke. Pengo ni jambo jingine kabisa. Pengo huja kwa koleo la daktari, au kwa kuanguka, au kwa jino lililooza likamomonyoka lenyewe; na mwenye pengo la mbele utamjua kwa mkono wake, kwani kila akitaka kucheka mkono umeshafika mdomoni.

Wengi hudhani hiyo ni haya tu, na kwamba mtu mzima hana budi kuizoea. Walakin kwa aliyepita chuoni jambo hili lina uzito zaidi. Wanazuoni wa tajwidi waliyahesabu meno 32 na kila kundi wakalipa jina lake: thanaya 4 za mbele, rubaiyati 4, anyabu 4 ambazo ndizo chonge, kisha dhawahiki 4, tawahini 12 na nawajidhi 4. Hawakufanya hivyo kwa kutaka utabibu. Walifanya hivyo kwa kuwa kila herufi ina mahali inapotokea, na baadhi yake hutokea menoni. The, dhali na dhwe hutoka kwa ncha ya ulimi kugusa ncha za thanaya za juu. Fe hutoka kwa thanaya hizo hizo kugusa ndani ya mdomo wa chini. Ziondoe thanaya, uisikie dhali inavyogeuka ze, au inavyopotea pamoja na upepo. Na dhali imo ndani ya Alhamdu, ambayo Muislamu huisoma mara 17 kutwa katika sala za faradhi peke yake. Hata Kimvita chetu, chenye kupambanua t ya kwenye meno na t ya kwenye ufizi, humpa taabu aliyeng'oka meno ya mbele.

Pengo la nyuma nalo, ambalo halionekani, halikai kimya. Gego likiondoka, majirani zake huanza kuinama kuelekea penye nafasi, na jino la taya la pili lililokuwa likikutana nalo hushuka au hupanda, maana halina tena wa kulizuia. Mfupa wa hapo nao huliwa polepole. Baada ya miaka kadhaa mtu hutafuna upande mmoja tu, na hajui ilianza lini.

Katika njia za kuliziba pengo, iliyo maarufu ni daraja la meno. Watu wa Mombasa hawatashindwa kuifahamu. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni mfano wa lile daraja la zamani la Nyali, la kuelea, lililotumika hadi lilipojengwa la zege mwaka 1980: yamelala juu ya ufizi kama lile lilivyolala juu ya maji, na yanatikisika. Daraja la kudumu lina nguzo. Nguzo zenyewe ni meno mawili yaliyo kando ya pengo. Daktari huyachonga pande zote, kiasi cha milimita 1 hadi 2, kisha huchukua kipimo kwa dawa laini mfano wa kinyunga ambayo huganda kinywani. Fundi hutengeneza meno matatu yaliyoshikana: mawili ya pembeni yako wazi ndani kama kofia, la kati halina mzizi. Mgonjwa hupewa daraja la muda la plastiki akalingojee lake, na likiwa tayari kofia zile huvikwa juu ya nguzo kwa saruji ya meno. Siku hizi hutumika madini yaliyofunikwa kwa kauri, au zirkonia, na rangi hulinganishwa na ya meno ya mwenyewe hata jirani asitambue.

Wako wanaosita kwa ajili ya dini, na si vibaya kusita. Khabari hii wanazuoni waliizungumza zamani. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, wakati wa Jahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Kwa hadithi hiyo mafakihi waliruhusu dhahabu katika meno, japo kwa mwanamume dhahabu ya pambo ni haramu. Basi dhahabu ya kuziba pengo ina mlango wake. Dhahabu ya kuvalia jino zima ili watu waone hiyo ni pambo, na mwanamume asijidanganye. Ama udhu na josho la janaba, katika madhehebu yetu ya Shafi kusukutua ni sunna, na daraja halizuii kitu.

Wala ufundi huu haukuzuliwa jana. Az-Zahrawi, tabibu wa Kurtuba katika Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif, juzuu ya 30 ihusuyo upasuaji, namna ya kuyafunga meno yanayocheza kwa uzi wa dhahabu, na namna ya kuchonga jino kwa mfupa wa ng'ombe likawekwa mahali pa lililopotea. Aliichagua dhahabu kwa kuwa fedha huota kijani kinywani.

Sasa nifike panaponikera. Mtu huambiwa kila kitu kuhusu daraja isipokuwa hili: jino likishachongwa halirudi. Ganda la nje la jino halioti tena. Ikiwa majirani wa pengo tayari wameoza au wamejazwa, kuwavika kofia ni kuwahifadhi, na hapo daraja ni jambo jema. Lakini kijana wa miaka 20 aliyepoteza jino moja kwa mpira, na majirani zake wazima kama lulu, kwa nini aharibu mawili kwa ajili ya moja? Huyo naona aulize kwanza kuhusu daraja la kubandikwa nyuma ya jino bila ya kuchonga sana, au skrubu ya titani inayopandwa mfupani, ufundi ambao Brånemark wa Sweden aliutumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Skrubu ni ghali zaidi, huchukua miezi kushikana na mfupa, na haimfai sana mvuta sigara wala mwenye sukari isiyodhibitiwa. Na akiambiwa mfupa wake haba, utiwe unga wa mfupa, aulize umetoka kwa mnyama gani, kwani uko wa ng'ombe na uko wa nguruwe.

Daraja lililotunzwa hukaa miaka 10 hadi 15, na wakati mwingine zaidi. Linalolivunja aghalabu si kauri kupasuka bali nguzo kuoza ndani ya kofia, pale penye mpaka wa ufizi, kimyakimya. Mswaki haufiki chini ya lile jino la kati. Hapo hupitishwa uzi maalumu wenye ncha ngumu, kila usiku, na khasa Ramadhani baada ya tende na halua, ambavyo hung'ang'ania mvunguni mwa daraja hata alfajiri.