Utangulizi: Kisahani cha Gotini

Mwanafunzi wa utabibu, awe wa Kitaji, Bunda au Butiama, hukutana na Kilatini kabla hajamgusa mgonjwa. Hupewa orodha ndefu ya mifupa, akaikariri, akafanya mtihani, na baada ya muda mengi yakamtoka. Karibu katika elimu ya asili ya majina hayo. Yalikuwa maneno ya jikoni na barazani kabla hayajawa ya darasani.

Tuanze na patella, mfupa wa mbele ya goti. Kwa Warumi patella ilikuwa kisahani, ndugu mdogo wa patina, chombo kipana cha kupikia. Celsus, aliyeandika juu ya tiba katika karne ya 1, tayari anauita mfupa huo hivyo. Wagiriki waliuita mylē, jiwe la kusagia. Waswahili wakaona pia, kichezeo cha watoto, wakasema pia ya goti. Kamusi za zamani zina jina jingine, kilegesambwa. Patella haikuishia gotini: wali wa Kihispania uitwao paella umepewa jina la kikaango chake, na kikaango hicho ni patella ileile.

Mfupa wenyewe umelala ndani ya kano ya misuli ya paja. Huisukuma kano mbele ya kiungo, na misuli ikapata nguvu zaidi ya kuunyoosha mguu. Mifupa inayoota ndani ya kano imepewa jina la ufuta kwa Kigiriki, kwa kuwa mingi ni midogo kama punje zake. Huu wa goti ndio mkubwa kuliko yote. Mtoto mchanga ana gegedu tu mahali hapo, na mfupa huanza kujijenga akiwa na miaka 3 hadi 6.

Chini yake tutakutana na tibia, filimbi, na fibula, bizimu ya kufungia vazi.

Majina yalizidi mno hata wanaanatomia, katika orodha iliyopitishwa Basel mwaka 1895, wakayapunguza kutoka yapata 50,000 hadi kama 5,000. Patella ikasalia, na nadhani ilistahili.

Nimeacha nafasi pembezoni mwa kila ukurasa. Andika hapo jina la kiungo kwa Kijita, Kikwaya, Kiruri au Kizanaki, kama bibi yako anavyolitamka. Mgonjwa atakayeingia akichechemea, ameshika goti, atakuambia panapouma kwa jina hilo.