Usiwachome maji moto

Ukitoka Mwenge kuelekea Mikocheni bado utaona minazi na miembe katika nyua za watu, na juu yake majani yaliyoshonwa pamoja kama kifuko. Humo wanaishi maji moto. Wanauma kweli, na wengi wetu dawa yetu kwao ni sumu au moto.

Miaka ya 1950, kule Zanzibar, mtafiti M. J. Way alichunguza kwa nini vidaka vya nazi vinadondoka mapema. Akakuta mdudu wa jamii ya kunguni anayevifyonza. Wataalamu wakampa mdudu huyo jina la mtafiti mwenyewe, Pseudotheraptus wayi. Mnazi wenye maji moto wengi ulisalimika, kwa kuwa huwawinda kunguni hao. Lakini yupo sisimizi mdogo wa kahawia aishiye ardhini. Huyu huwafukuza maji moto, na kunguni hamsumbui. Watafiti wa mradi wa minazi ulioanza mwaka 1979, wenye makao Mikocheni, nao walihangaika kuwasaidia maji moto wasifukuzwe.

Tukisoma Mithali sura ya 6 humsifu chungu kwa bidii yake tu. Mimi leo namtazama kwa ukali wake. Katika jumuiya ndogondogo hakosi mama anayeuliza hesabu za michango kila wiki, na wenzake husema ana mdomo. Tunapochagua viongozi tunatafuta wapole, ili tupumue.

Kwenu je, huyo mama mmemweka wapi?