Hesabu Kilichobaki, Siyo Kilichoanzwa



Kila Desemba, kwenye mikutano yetu hapa Kikoneni, kuna anayesema, "Mwaka umekwisha na sijafanya lolote." Mara nyingi amefanya, ila hakuweka alama. Na mtu anayedhani hajasogea hukata tamaa, huacha kuchangia, mwisho hata mkutanoni haji.

Tuchukue mfano. Mama anataka kuezeka nyumba kwa mabati 20. Akisema tu, "Nataka nyumba ya bati," hana pa kuanzia. Lakini akisema, "Nitashona makuti niuze, ninunue bati 1 kila mwezi," tayari ana kazi ya wiki hii. Mabati 20 ni miezi 20. Mwezi ambao mtoto ameugua na pesa zikaenda hospitali, aandike 0 na sababu yake. Hiyo 0 siyo aibu. Inamwambia tu kwamba sasa atafika mwezi wa 21.

Fanyeni hivi:

1. Kila mtu achague lengo 1 lake mwenyewe, linaloweza kuhesabika.
2. Aligawanye katika hatua ndogo za wiki au mwezi.
3. Aweke alama siku ile ile. Asiyejua kuandika atie punje ya hindi kwenye chupa kwa kila hatua.
4. Mkutanoni kila mmoja aeleze kwa kifupi alipofika. Asicheke mtu!

Jambo jingine ni kuhesabu kwa ukweli. Jirani zetu wa Gazi na Makongeni, upande wa Msambweni, wana mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko, na hulipwa kwa hewa ya kaboni inayonyonywa na miti hiyo. Pesa zimesaidia maji na shule. Lakini haitoshi kusema, "Tumepanda." Miti lazima ipimwe, maana mche uliokufa haunyonyi kitu.

Nasi ni vivyo hivyo. Kuku akiangua vifaranga 10 na leo wako hai 4, andika 4. Kisha uliza: wale 6 wamechukuliwa na mwewe au ni ugonjwa? Hapo ndipo utajua kama ni tundu la kujenga au ni chanjo ya kutafuta.

Maswali ya mkutano ujao:
- Lengo langu ni lipi, na hatua ya wiki hii ni ipi?
- Tangu mwaka jana, nini kimebaki mkononi?

Bandu bandu huisha gogo.