Maulidi ya Lamu na msimu wake unaohama

Siku za mwisho za Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, gati la Mokowe halina pa kukanyaga. Mabasi yanamwaga wageni, na mashua zinawavusha hadi Lamu na mikeka yao na masufuria. Wanakwenda Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Lamu karne ya 19, na ambaye hadi leo mji unamhesabu kuwa wake.

Muulize mwenye hoteli Shela, atakwambia huu si msimu wake. Ni kweli. Mgeni wa Maulidi hulala kwa jamaa au madrasa, akala sinia moja na wenyeji. Kwa hiyo pesa zake zinapita kwingine: kwa nahodha, kwa muuza mbuzi, na kwa mwenye punda, maana kwenye vichochoro vile gunia la mchele halifiki jikoni ila mgongoni mwa mnyama.

Kofia za vito ndizo biashara ninayoipenda kuitazama. Fundi amekaa barazani, kitambaa cheupe gotini, anatoboa tundu moja moja na kulizungushia uzi. Kofia moja yaweza kula miezi. Anayeanza kushona Mfunguo Nne amekwisha kuchelewa, na asiye na akiba huishia kuiuza kabla haijakamilika, kwa bei anayotaka mnunuzi. Faida ya siku ya zefe, maandamano ya Maulidi, huwa ya huyo aliyeweza kungoja.

Tatizo la wote ni kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, basi Maulidi hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2025 Mfunguo Sita uliangukia Agosti na Septemba. Mwaka 2030 utakuwa Julai, kisha utaingia Juni, upepo wa kusi ukiwa umekaza. Watalii wakati huo ni haba na hoteli nyingine hufunga. Labda ndipo wenye hoteli watakapomkumbuka mgeni wa mkeka. Lakini wavuvi nao hawaendi mbali kusi likichafuka, na mama wa nyumba atalazimika kununua samaki ghali wakati mumewe mvuvi hana mapato, na sebule imejaa watu wa Pate na Mombasa.

Fundi wa kofia hana habari na upepo. Mwaka wake wa kazi una siku 354, na keshaanza kutoboa kofia ya Maulidi ijayo.