Gari halitoi cheche? Fuata umeme kabla ya kununua koili

Gari likizima Ndia Kuu asubuhi, huwa si taabu ya mwenye gari peke yake. Nyuma yake kuna tuktuk, kuna mkokoteni wa maji, kuna watu wanaowahi kazini, na njia yenyewe nyembamba. Hapo kila mpita njia huwa fundi. Huyu atasema, "Hiyo ni plagi." Yule atasema, "Koili imekufa." Mwenye gari, kwa haraka na haya, hununua vyote viwili, na gari lisiwake.

Ndugu msomaji, cheche haitafutwi kwa kubahatisha. Umeme una njia yake: hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi na swichi ya ufunguo, ukafika kwenye koili, kisha kwenye plagi. Koili huchukua volti 12 na kuzipandisha hadi 20,000 na zaidi, ili umeme uweze kuruka ule mwanya mdogo wa plagi na kuwasha petroli. Kazi ya fundi ni kujua umekatikia wapi.

Kwanza hakikisha tatizo ni cheche kweli. Ikiwa injini haizunguki kabisa ukipiga stata, angalia betri na stata yenyewe. Ikiwa inazunguka lakini haiwaki, huenda ni petroli, huenda ni cheche. Chukua plagi nyingine nzima, ivike kwenye waya au koili, laza chuma chake kigusane barabara na chuma cha injini, kisha mwenzako apige stata kidogo. Cheche nzuri ni ya buluu na husikika. Ya manjano na hafifu ni dhaifu.

Jihadhari hapa. Usiishike plagi kwa mkono. Usiipime karibu na tundu la plagi lililo wazi wala penye harufu ya petroli. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani akae mbali. Na ile desturi ya zamani ya kuchomoa waya na kuuacha ukining'inia injini ikizunguka, iacheni. Kwenye magari ya kisasa, umeme usipopata pa kwenda unaweza kuunguza koili au kompyuta ya gari.

Swali linalookoa pesa nyingi ni hili: cheche imekosekana silinda moja, au zote? Ikiwa ni moja, shuku plagi yake, waya wake au koili yake. Hamisha koili hiyo uipeleke silinda ya jirani. Kosa likihama nayo, umempata mwizi. Lakini magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yana koili moja kwa kila silinda, na ni nadra koili nne kufa siku moja. Zote zikikosa cheche, tafuta kitu kinachozihudumia zote: fyuzi, swichi ya ufunguo, waya wa ethi, sensa ya kranki, au mfumo wa kuzuia wizi ambao haukuutambua ufunguo. Gari la zamani lenye distribyuta, fungua kifuniko chake utazame kama rota inazunguka stata ikipigwa. Isipozunguka, huenda mkanda wa taimingi umekatika. Usiendelee kupiga stata.

Betri nayo hudanganya. Inaweza kuwa na nguvu ya kuzungusha injini, lakini volti zikashuka chini ya 10 wakati huo, na kompyuta ikashindwa kutoa cheche. Mita ya kupimia umeme itakuonyesha hilo kwa dakika moja.

Sisi wa kisiwani tuna adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Huingia kwenye maungio ya waya, shaba ikafanya kijani, vichwa vya betri vikaota unga mweupe, na waya wa ethi unaofunga injini na bodi ukaliwa na kutu. Msimu wa masika huzidisha. Kwa hivyo kabla ya kwenda dukani, zima gari, chomoa waya wa hasi wa betri kwanza, safisha maungio kwa msasa au brashi ya chuma, kausha, kaza. Na mwenye kuosha injini kwa maji ya presha ajue anapalilia tatizo hilo hilo.

Kwa wenye tuktuk: ya dizeli haina plagi ya cheche, hivyo usikubali kuuziwa. Ya petroli ina njia fupi, na mara nyingi kosa huwa kwenye kofia ya plagi iliyopasuka na kuingia maji, au waya uliolegea.

Haya si mambo madogo. Dereva wa tuktuk ana hesabu ya tajiri jioni, gari liwake lisiwake. Koili aliyonunua bure ni chakula cha nyumbani, na dukani ni nadra kurudishiwa pesa kwa kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao: usitupe koili yako kabla haijapimwa. Fundi akikwambia nunua, muulize kwa adabu, "Umepima wapi, na umeme umekatikia wapi?" Fundi anayejua kazi yake atakuonyesha kwenye mita. Asiyeweza kukuonyesha, usimpe pesa ya koili.