Bukta Isiyo na Zipu

Kila mwaka, wahitimu wa kidato cha sita wakishatangaziwa kambi walizopangiwa na Jeshi la Kujenga Taifa, wazazi nao hupata amri yao ya kwanza ya kijeshi: watafute bukta. Orodha ya JKT haina mzaha. Bukta iwe ya bluu iliyokoza, ya mpira kiunoni, ifike magotini, isiwe na zipu. Fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa aliyepangiwa mkoa wa baridi, nauli ya kwenda na ya kurudi. Baba ambaye hajawahi kumwuliza mwanawe anataka kuwa nani utamkuta Kariakoo akibishana na muuza nguo habari ya zipu.

Zoezi hilo lina faida yake. Linampa mzazi la kufanya wakati ambapo hana la kusema.

JKT, iliyoanzishwa Julai 1963, si chuo cha maofisa. Wengi wanaoitwa kwa mujibu wa sheria humaliza miezi yao mitatu, wakarudi nyumbani wamekonda na kuchomwa na jua, wakaendelea na habari za vyuo na mikopo. Lakini ndipo safari ya wengine inapoanzia. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapoandikisha vijana mara nyingi hutaka waliopitia JKT, na kati ya hao wachache wenye elimu inayotakiwa huishia Monduli, mkoani Arusha, kwenye Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi. Huko huitwa maofisa wanafunzi mpaka siku Amiri Jeshi Mkuu atakapowatunuku kamisheni na cheo cha Luteni Usu. Baadhi hutoka na shahada ya sayansi ya kijeshi pia, jambo lililowatuliza sana wazazi wasioamini kitu kisicho na cheti. Ninaowazungumzia hapa ni wazazi wa kijana huyu wa pili, wa Monduli, ambaye huko hakuitwa na sheria. Ameomba mwenyewe.

Wazazi hao humwandaa mtoto kwa ajira. Sisemi kwa kuwabeza. Vijana wenye shahada wanaoendesha bodaboda tunawajua kwa majina, na mshahara wa serikali unaoingia kila mwezi ni jambo la kushukuru Mungu. Ila jeshi ni mwajiri wa namna yake. Linaweza kumhamisha mtu leo kwa leo, likampangia wakati wa kuoa, likamshtaki kwa kuchelewa, likampeleka mahali ambapo kuna watu wenye nia ya kumwua. Kwa hayo kijana huenda hajaandaliwa, na waliotakiwa kumwandaa walikuwa Kariakoo.

Msaada wa kwanza unaofikiriwa na familia nyingi ni wa simu. Katika kila ukoo kuna baba mdogo anayemfahamu kanali. Kikao kikiitishwa hukaa kimya mpaka chai imiminwe, kisha huegemea kiti akasema, "Shemeji, hilo niachieni mimi." Mara nyingi kanali huyo alishastaafu, au ikichunguzwa vizuri ni koplo. Hapo hakuna madhara makubwa. Madhara huja pale nafasi ya baba mdogo inapochukuliwa na mtu asiyejulikana, mwenye namba ya simu na "nafasi mbili tu zilizobaki". JWTZ imetahadharisha mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi na kwamba wanaoziuza ni matapeli. Kenya hali ni ile ile: vijana wamewahi kukamatwa Eldoret, kwenye kambi ya mafunzo ya makuruta, wakiripoti na barua bandia zilizolipiwa pesa nzito. Pesa hiyo kwa kawaida huwa ya ng'ombe au ya kipande cha shamba. Fikiria asubuhi ya kijana huyo: amenyoa, amebeba sanduku, kijiji kizima kimemuaga, na langoni anaambiwa kwamba barua aliyoishika ni kosa la jinai. Tapeli hayupo karibu. Anayeingia kwenye gari la polisi ni mtoto.

Kuna udanganyifu mwingine, wa bei nafuu, unaofanywa hata na wazazi wasiothubutu kutoa rushwa ya senti moja. Mama anajua kwamba mwanawe alisumbuliwa na pumu mpaka darasa la sita, au kwamba utotoni aliwahi kuanguka akapoteza fahamu na hakuna aliyejua sababu. Daktari wa jeshi anajua anachokiona na anachoambiwa. "Usiwaambie, mwanangu, si ilishapona?" Pengine ilipona. Lakini mbio za alfajiri kwenye baridi ya Monduli, mzigo mgongoni, si mahali pa kuhakikishia. Kijana akikataliwa kwenye vipimo atanuna mwezi mzima, pengine miwili, kisha maisha yataendelea. Pumu ikimkamata porini usiku, wenzake ndio watakaombeba, na hakuna kati yao atakayejua kilichompata, kwa sababu nyumbani ilikubaliwa kwamba jambo hilo lisisemwe.

Wapo pia wanaompeleka mtoto jeshini akanyooshwe. Hawa siku hizi ni wengi, na dhana yao ina historia ndefu kuliko wanavyodhani. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia taifa kwa lazima, likiwemo la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa kipindi kirefu cha utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 akawafukuza chuo warudi makwao. Yaani taifa liliwarudisha kwa wazazi, kana kwamba bidhaa imekutwa na kasoro. Tangu hapo pande hizo mbili zimekuwa zikitupiana vijana: mzazi aliyeshindwa hutumaini afande, na afande aliyechoka huuliza huyu kalelewa wapi. JKT ya lazima ilisimama mwaka 1994, ikarudi 2013, na mjadala uliporudi ulikuwa bado pale pale, kwamba vijana wamekosa adabu.

Huenda kwata na mchakamchaka vikamsaidia mvivu kuamka. Lakini chuo cha maofisa kinatafuta mtu ambaye tayari anajiamsha, maana miaka michache baadaye ndiye atakayewaamsha wengine. Anayepelekwa Monduli kwa sababu baba yake amemshindwa huwa amebeba aibu ya baba yake, na mzigo huo haumo kwenye orodha ya vifaa.

Wenzetu wameishughulikia siku ya kuagana kwa utaratibu zaidi. Sandhurst, Uingereza, alikosomea Jenerali Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wetu kuanzia 1964 hadi 1974, maofisa wanafunzi huripoti wakiwa wamekumbatia meza za kupigia pasi, na wazazi nyuma yao wamebeba masanduku. West Point, Marekani, familia hukusanywa ukumbini, na muda wa kuagana ukitangazwa huhesabiwa kwa sekunde: zamani 90, baadaye 60. Halafu mtoto anapita mlango mmoja na wazazi mwingine. Inaonekana ni ukatili, ila nadhani kuna huruma ndani yake. Hakuna anayepata nafasi ya kuharibu. Kwetu muda huo hupangwa na kondakta pale stendi ya Magufuli, na mama amekuwa na dakika 40 za kuongeza mihogo ya kukaanga kwenye begi lililokwisha kufungwa.

Kinachonisumbua zaidi ni sherehe. Kijana akipata nafasi, hasa wa kijijini, hufanyiwa maombi, pilau huliwa, mjomba hutoa mbuzi, mchungaji au shehe huitwa, na mwenyekiti wa kitongoji hutangaza kwamba kijiji sasa kina afande. Yote kabla kijana hajakimbia hata kilomita moja. Wiki za kwanza simu haipatikani. Kisha siku moja inaita, namba ngeni, sauti ya chini: "Mama, nataka kurudi."

Hapo ndipo msaada wa mzazi unapopimwa, na ndipo pilau lile linapodai malipo yake. Mama anamwona mjomba na mbuzi wake, anaona mwenyekiti, anasema, "Utatuaibisha." Neno hilo humbakisha kijana kambini, kweli, lakini humbakisha pabaya: amebaki kwa kuogopa kijiji. Kuna mama mmoja ninayemfahamu aliyejibu tofauti. Aliuliza kwanza kama anaumwa. Hapana. Kama kuna anayemwonea kupita wenzake. Hapana, wote wanafokewa. Akamwambia, "Basi kaa mpaka Jumapili baada ya ijayo, unipigie tena. Ukiwa bado unataka kurudi, nauli ninayo." Nauli kweli alikuwa nayo, aliitenga siku alipotuma ile ya kwenda. Kijana hakurudi. Lakini hata angerudi, ningesema mama yule alifanya kazi yake vizuri, kwa sababu alimwachia mwanawe uamuzi ambao kesho jeshi litamtaka awe na uwezo wa kuufanya: kubaki mahali pagumu kwa hiari.

Na ugumu wenyewe usifichwe. Desemba 7, 2017 kituo cha Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, kilivamiwa usiku, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Majeneza yalipokelewa Dar es Salaam, mengine yakavuka bahari kwenda Zanzibar. Aprili 2024 SADC ilitangaza vifo vya askari wetu watatu mashariki mwa Kongo, baada ya kombora kuangukia karibu na kambi yao. Nyuma zaidi kuna Kaboya, Muleba, makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera. Haya yalitangazwa redioni na kila mzazi aliyasikia. Ila nyumbani kwa kijana anayejiandaa kwenda Monduli ukiyagusa utaambiwa usimchurie mtoto. Basi huzungumzwa mshahara, nyumba za jeshi, na mkopo wa gari.

Kwa mzazi wa ofisa kuna jambo la pili, ambalo sijawahi kulisikia kwenye kikao chochote cha ukoo. Luteni Usu hukabidhiwa platuni, watu 30 hivi, na kila mmoja wao alinunuliwa bukta na mtu. Mama anauliza kama mwanawe atarudi salama, na ana haki ya kuuliza. Angeuliza pia: siku ukilazimika kumtuma mtoto wa mwenzangu mbele, utajuaje kwamba ni lazima? Nani atakuwa amekufundisha kumjali mtu unayemwamuru? Chuo kitamfundisha ramani, silaha na sheria za vita. Namna anavyomsemesha aliye chini yake ameianza nyumbani, kwa dada wa kazi na kwa mlinzi wa getini. Ningekuwa mwalimu wa Monduli ningetamani sana kujua jinsi kijana anavyoagiza maji ya kuoga.

Jeshi lenyewe halina haya ya kuzungumzia kifo. Mapema kabisa litamtaka aandike jina la ndugu wa karibu, yule wa kupewa taarifa. Kwa ambaye hajaoa, jina hilo kwa kawaida ni la mama au baba. Ingefaa mwenye jina ajue kwamba limeandikwa, na namba iwe ile inayopatikana, siyo laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha binamu. Kama baba ana presha, kijulikane mapema nani aambiwe kwanza. Kama kuna deni, au mtoto ambaye ukoo haujaambiwa habari zake, usiku ule wa kufunga begi ndio wa kusema. Mazungumzo yote hayazidi nusu saa, na pilau linaweza kusubiri.

Miaka michache baadaye kijana ataomba kibali cha kuoa, ataoa, na jina litabadilishwa liingie la mkewe. Nimewasikia akina mama waliovumilia Monduli na Kongo bila neno wakilalamikia hilo.