Sakafu ya Tela Huozea Chini kwa Chini

Mavuno ya mpunga yakifika Usangu au Kilombero, tela la trekta haliulizwi umri. Linapandishwa magunia mpaka matairi yanabonyea, kesho yake linabeba matofali, keshokutwa mbolea, na kati ya safari hizo linalala nje mvua ikilinyeshea. Siku mguu wa kibarua unapozama kwenye sakafu, gunia likiwa begani, ndipo fundi anaitwa. Neno la kwanza la mwenye tela huwa ni lile lile: mbao za siku hizi hazina maana.

Mbao zinaonewa. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji unyevu, na ubao ukiwa na unyevu ulio chini ya asilimia 20 hivi hawana la kufanya. Uso wa juu wa sakafu hupigwa jua na upepo, kwa hiyo hukauka mapema. Balaa liko upande wa pili, pale ubao unapokalia chuma cha kukingama. Maji yakishapenya hapo hayana pa kutokea. Chuma kinashika kutu, kutu inavimba na kutunza unyevu kama sponji, na ubao unalainika kuanzia tumboni. Ukitaka kujua hali ya tela lako, ingia uvunguni na bisibisi. Choma ubao kwenye ukingo wa kila chuma, kisha choma ncha za mbele, ambako vumbi, pumba na mbolea hujikusanya kwenye kona. Bisibisi ikizama bila kusukumwa kwa nguvu, usidanganywe na uso mzuri wa juu.

Kufumua sakafu ndiyo kazi inayochosha kuliko kuitengeneza. Nati zimekuwa donge moja na bolti, spana inateleza, na kila ukikaza mkono bolti inazunguka na ubao wake uliooza. Hapo hakuna ujanja zaidi ya grinda: kata nati kwa chini, gonga bolti itokee juu. Wengine huchukua mtaimbo na kung'oa mbao kwa hasira, kumbe wanapinda vyuma ambavyo bado vingeweza kutumika.

Tela likishakuwa mifupa mitupu, usiwe na haraka. Huu ndio wakati pekee, pengine katika miaka mingi, ambapo fremu yote inaonekana. Pita na nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa mlio butu, na mahali pengine magamba ya kutu yanadondoka yenyewe. Tazama hasa viungo vilivyochomelewa karibu na mkono wa kuvutia, kwa kuwa ndipo nyufa hupenda kuanzia. Kinachohitaji kuchomelewa kichomelewe sasa, kabla mbao hazijarudi, maana cheche na ubao mkavu havikai pamoja. Kisha piga brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke, rudia. Wenye matela wengi huruka hatua hii wakisema msimu unawapita. Kwa maoni yangu, shilingi inayowekwa hapa ina faida kuliko ile inayoongezwa ili kununua mbao za gharama.

Wazee bado watakuambia ununue mninga au mkongo. Hawakosei, ni miti inayostahimili kuoza na wadudu. Lakini bei yake inauma, na mbao za miti ya asili lazima ziwe na vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Zisipokuwa navyo, unaweza kujikuta unajieleza kizuizini huku mzigo ukibaki huko. Wengi sasa wanatumia paina kutoka mashamba ya Sao Hill, zinazouzwa kwa wingi Mafinga. Paina mbichi isiyotiwa dawa haifai kwa sakafu inayolala nje. Iliyotiwa dawa kwa mtambo wa shinikizo inafaa, ila kagua kwanza. Omba ubao ukatwe kipande kidogo nchani, uangalie ndani. Rangi ya kijani ikiwa imeingia kina cha kutosha, nunua. Ikiwa imeishia juu juu tu, umeuziwa ubao uliopakwa. Na kila utakapokata au kutoboa mwenyewe, unafungua mlango mpya wa maji, hivyo paka dawa sehemu hiyo kabla ya kufunga.

Pasikosewe kwenye unene. Ubao wa inchi 2 una nguvu ya kubeba mara 4 ya ule wa inchi 1 wenye upana huo huo, na ukakamavu wake dhidi ya kupinda ni mara 8. Wanaoona bora kuweka bamba la chuma wafanye hesabu pia: mita moja ya mraba ya bamba la milimita 3 ina takribani kilo 24, sawasawa na paina ya inchi 2 au karibu yake, lakini bamba hilo litabonyea kati ya chuma na chuma. Hata makontena ya meli, pamoja na chuma chote kile, kwa kawaida yanawekwa sakafu ya plaiwudi yenye unene wa milimita 28.

Kwenye tela la futi 6 kwa 12, mbao 9 za inchi 8 zinajaza upana wote, kwenye karatasi. Paina mbichi ya upana huo ikikauka inaweza kupungua robo inchi au zaidi, na ukisomba mchanga utaumwaga njia nzima. Acha mbao zikauke kivulini kwanza, zikipangwa kwa vijiti katikati, kisha zifunge ukiacha nafasi ya unene wa msumari ili maji yapite. Anayebeba mchanga atandike turubai. Juu ya kila chuma paka lami kabla ya kulaza ubao, kwa sababu dawa yenye shaba ikigusa chuma kitupu penye unyevu inakila. Bolti ziwe zimepakwa zinki, na kila nati iwe na washa pana.

Halafu kuna oili chafu, dawa ya kila mtu. Ni kweli inafukuza maji kwa muda. Lakini ina mabaki ya metali kutoka kwenye injini, inanata kwenye magunia ya chakula na inateleza chini ya miguu ya wapakiaji. Mafuta ya kitani yanafanya kazi hiyo kwa usafi zaidi. Matambara uliyotumia kuyapaka yatandaze nje yakauke, usiyarundike stoo, kwani yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

Mbao za zamani zikishatoka, majirani watazitaka jikoni. Kama ziliwahi kutiwa dawa ile ya kijani ya shaba, kromiamu na aseniki, wanyime hata wakinuna: moshi wake ni sumu, na aseniki inabaki kwenye majivu. Unga wa msumeno nao uzolewe wote kabla kuku hawajafika.